Mabasi mangapi yanatosha Bububu–Mjini?

SWALI: Assalaam alaykum. Nakaa Bububu, hapa Unguja, kazi yangu iko Malindi, mjini. Asubuhi nasimama kituoni hata nusu saa, gari zinapita zimejaa. Sheha ametuita tutoe maoni juu ya usafiri. Wenzangu wanataka tuombe mabasi ya umeme thelathini na barabara ipanuliwe. Thelathini yanatosha? – Msomaji, Bububu

JIBU: Waalaykum salaam, dada. Hiyo thelathini imetoka wapi? Waulize wenzako hilo kwanza. Idadi ya mabasi huja mwisho wa hesabu. Anayekuja nayo mkononi kabla hajasimama barabarani kuhesabu watu, ama ana mabasi ya kuuza, ama anatafuta pa kupigia picha.

Chukua mfano. Tuseme watu 600 wanaelekea mjini katika ile saa moja nzito kuliko zote, wakihesabiwa pale gari zinapokuwa zimejaa zaidi. Basi moja likibeba 50, mnahitaji mabasi 12 kwa saa, yaani moja kila dakika 5. Bububu hadi mjini ni kama kilomita 10. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, foleni na vituo vikiwemo, basi linatumia dakika 40 kwenda na 40 kurudi. Ongeza dakika 10 za kujipanga kila mwisho wa njia: mzunguko mzima ni dakika 100. Gawa kwa 5, unapata mabasi 20, na mawili ya akiba.

Sasa badilisha mwendo tu. Basi lipewe nafasi ya kutangulia kwenye makutano, vituo visafishwe gari zilizoegeshwa, lifike kilomita 20 kwa saa. Mzunguko unashuka hadi dakika 80, na mabasi yanakuwa 16. Mmeokoa mabasi manne kwa rangi ya barabarani, vizuizi vya kuegesha na askari wa kuvisimamia. Muuzaji wa mabasi hatakwambia hilo hata umpikie pilau.

Kuhusu kupanua barabara: foleni huanzia kwenye makutano. Mkiongeza njia mbili kisha zote zikamiminika kwenye kiplefti kile kile, mmeisogeza foleni mita mia chache tu. Nafasi inayobaki huvuta gari za watu ambao jana walikuwa wakipanda daladala.

Umeme ni mzuri, siupingi. Lakini basi la umeme likikwama Darajani limekwama, tofauti ni kwamba halitoi moshi. Na lina masharti yake. Basi kubwa lenye kiyoyozi hula kama yuniti 1.2 kwa kilomita, yuniti zile zile mnazonunua kwa Tukuza, umeme wa kulipia kabla. Kilomita 200 kwa siku ni yuniti 240. Mabasi 16, pamoja na kinachopotea wakati wa kuchaji, ni kama yuniti 4,200 kila usiku. Yachajiwe kwa saa sita, karakana itavuta kama kilowati 700 mfululizo, kwa hiyo inataka transfoma yake yenyewe, ya ukubwa wa kVA 1,000. Yakichomekwa yote kwa pamoja saa mbili usiku, wakati kila nyumba imewasha taa na feni, mzigo unapanda zaidi na laini ya mtaa ndiyo inayolia. Unguja inapata umeme wake kwa waya wa chini ya bahari kutoka Bara, na waliokuwepo mwaka 2008 wanakumbuka giza la wiki kadhaa umeme huo ulipokatika. Kisha kuna chumvi ya pwani: plagi za kuchajia zisipofunikwa na kukaguliwa zinaota kutu, na chaja inakataa kufanya kazi.

Mahali pa karakana pia. Dar es Salaam mabasi ya mwendokasi yaliwekewa kituo Jangwani, bondeni mwa Mto Msimbazi, na mafuriko yakayafuata humo humo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hakuna anayegusa hesabu ya tajiri. Kwa nini gari inakaa stendi mpaka ijae, kisha inakupita mbio? Kwa sababu dereva ana kiasi cha kumpelekea mwenye gari kila jioni, na chake ni kinachobaki. Kwake tripu yenye viti vitupu ni hasara, na kituo chenye watu wawili ni kupoteza muda. Mpe basi la umeme lenye hesabu ile ile, atafanya yale yale, ila sasa kwa kimya. Dawa ni mkataba unaomlipa mwendeshaji kwa kilomita alizokwenda kwa ratiba: nauli zinaingia mfuko mmoja, tripu iliyorukwa inakatwa, dereva na utingo wanapata mshahara. Ni kazi ya kuchosha, ya karatasi, na haina utepe wa kukata. Ndiyo maana inarukwa.

Ugonjwa huu wa kutaja mabasi kabla ya kuhesabu abiria umevuka mpaka Pemba, nako wapo wanaotaka mabasi makubwa Chake Chake–Wete. Njia ya shamba yenye abiria wachache kwa saa, ukiiwekea basi la watu 50, litasubiri lijae. Coaster kila dakika 20, ijae isijae, inawafaa zaidi.

Mkutanoni ombeni watu wahesabiwe kabla ya kutaja idadi yoyote. Wahesabiwe Jumanne hadi Alhamisi, skuli zikiwa wazi, kuanzia saa 12:30 hadi 2:30 asubuhi, na waliobaki kituoni baada ya gari kupita wahesabiwe pia, maana hao ndio nyinyi. Msikubali hesabu ya Ijumaa wala ya Ramadhani: saa za kutoka na kurudi zinahama, na mabasi yatapangiwa wakati ambao nyinyi mko majumbani.