Maswali ya Afya: Dawa mpya ya ugonjwa wa IgG4

SWALI: Mjomba alivimba tezi chini ya taya, kisha macho yakawa manjano, tukadhani ni saratani ya kongosho. Kipande cha nyama kilipopimwa, daktari akasema ni ugonjwa wa IgG4 (aina ya kingamwili). Prednisoloni, dawa ya steroidi aliyopewa, imempandisha sukari. Je, kuna dawa nyingine? — Msomaji, Kisauni

JIBU: Mpe pole mjomba. Katika ugonjwa huu adimu, kinga ya mwili huvimbisha viungo na kuviachia makovu magumu, ndiyo maana hudhaniwa saratani. Prednisoloni hutuliza haraka, lakini mara nyingi uvimbe hurudi dozi inapopunguzwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, wagonjwa 135 walifuatiliwa kwa wiki 52: kati ya 68 waliotiwa dripu ya inebilizumabu, inayoondoa seli B za kinga, 7 tu walirudiwa na ugonjwa, ilhali kati ya 67 waliotiwa dripu isiyo na dawa walirudiwa 40. Hayo ni matokeo ya kutia moyo sana, na Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 2025. Hata hivyo, hurahisisha maambukizi, hivyo homa ya ini aina ya B hupimwa kwanza. Mjomba asiache prednisoloni ghafla. Amwulize daktari kuhusu rituksimabu, inayolenga seli hizohizo, na sukari ipimwe alasiri pia, si asubuhi kabla ya chai na mahamri tu, kwani prednisoloni inayomezwa asubuhi huipandisha zaidi mchana.