Maswali ya faiba: mwanga upo tele, picha haipo

Wiki hii mmeuliza sana kuhusu TV kwenye faiba, na nusu yenu swali ni lilelile.

Nina kebo ya mtaani hapa Tanga, mita inasoma +3 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga) kwa mteja ila picha ina mistari. Ninunue risiva nyingine?

Usinunue kitu! Hili nalijibu kila mara jamani. Mmezoea faiba ya intaneti, kule mwanga ni upo au haupo, risiva ya GPON, ile ya intaneti ya majumbani, inajikongoja hata kwenye -27 dBm, lakini kwenye TV ya analogi mwanga unapanda na kushuka ukifuata wimbi la picha lenyewe, kwa hiyo likipinda kidogo tu njiani mteja anauona huo upindaji kwenye skrini. +3 inaielemea risiva, weka atenyueta, kifaa cha kupunguza mwanga, ushuke hadi -3 hivi. Halafu kagua konekta, nakuapia kuna fundi kachomeka ya bluu kwenye ya kijani. Ya kijani imesuguliwa mshazari, digrii 8, ili mwanga unaorudi usiingie tena kwenye leza. Ukiichomeka kwa ya bluu hazikutani vizuri, mwanga mwingi unapotea na mwingine unarudi kuivuruga leza. Mita haikuambii hayo, inapima wingi tu.

Kwa nini TV kwenye faiba isiwe FM, si inashinda kelele?

Inashinda, AM (picha inabebwa na ukubwa wa wimbi) inataka wimbi lizidi kelele kwa 45 dB na ushee wakati FM (inabebwa na masafa ya wimbi) inaridhika na chini ya 20. Ila nafasi sasa! Picha ya 5 MHz ukiipa mtikisiko wa masafa wa 8 MHz inakula kama 26 MHz, na AM chaneli nzima ni 8. Chaneli 60 piga hesabu mwenyewe. Kamera moja ya ulinzi sawa, FM raha tupu.

Naweza kutumia media konvata ya intaneti (kile kiboksi cha kuunganisha waya wa mtandao na faiba) kwa TV hii?

Hapana, hiyo nayo ni ya mwanga upo au haupo.

Sisi tumehamia dijitali, bado haya yanatuhusu?

Yanawahusu sana tu. QAM kwenye kebo ni data ya dijitali iliyopandishwa kwenye mawimbi ya redio, leza haijui tofauti, kwake ni analogi ileile. Tofauti ni kwamba zamani picha ilianza chenga mkapata onyo, siku hizi inakuwa safi kabisa halafu ghafla inakatika vipande.

Leza ya nanomita 1550 ninayoimoduleti moja kwa moja, kwa kuchezesha umeme wake, itafika kilomita 40?

Mwanga utafika, picha ndo sina hakika utaipenda. Ukichezesha umeme wa leza rangi yake nayo inacheza, na faiba ya kawaida kwenye 1550 inachelewesha rangi moja kuliko nyingine, pikosekunde 17 hivi kwa kila nanomita kwa kilomita. Viwili hivyo vikikutana vinazaa masafa ambayo hukuyatuma. Tafuta transmita yenye moduleta ya nje, inayochezesha mwanga baada ya kutoka kwenye leza, ya lithiamu niobeti. Na ukiweka amplifaya ya mwanga ya 20 dBm, hiyo ni miliwati 100 zisizoonekana, msichungulie ncha ya faiba eti mnaangalia kama inawaka.