Bolti za injini ya Land Rover Series III: usikubali kupigiwa tepu ya milimita

Mkuu, umesema una Land Rover 109 (ile ndefu) Series III ya petroli, injini iko chini, stadi (bolti zisizo na kichwa, zenye nyuzi ncha zote mbili) mbili za manifoldi zimekatikia kwenye silinda hedi, bolti kadhaa zimeliwa nyuzi, na fundi amekushauri apige tepu (kile chuma cha kuchonga nyuzi ndani ya tundu) matundu yote yawe ya milimita ili usihangaike tena kutafuta. Nakuomba asubiri kwanza. Mimi nilikubali ushauri wa aina hiyo kwa tundu moja tu na lilinigharimu.

Gari yangu ilikuwa ya baba mdogo, aliitumia shambani Karatu miaka mingi, na nilipoichukua ilikuwa imekaa chini ya mti muda mrefu. Nilipoifungua nilikuta nusu ya bolti si za kwake. Kila fundi aliyepita alichomeka alichokuwa nacho mfukoni. Kwa hiyo jambo la kwanza: usitumie bolti uliyoing'oa kama sampuli ya kwenda nayo dukani mpaka uwe na uhakika kwamba ndiyo ya asili. Pima tundu, au linganisha na zile ambazo hazijawahi kuguswa.

Sasa mtego wenyewe. Bolti nyingi ndogo za injini yako ni za inchi 5/16, na vichwa vyake ni vya nusu inchi, yaani milimita 12.7. Spana ya 13 inaingia. Bolti ya M8, yaani ya unene wa milimita 8, ya duka la vifaa vya ujenzi nayo inafunguliwa kwa spana ya 13. Unene wa 5/16 ni milimita 7.94, wa M8 ni 8. Kwa macho na kwa spana huwezi kuzitofautisha, ndiyo maana mafundi wetu wengi, wazuri kabisa kwenye Toyota, wanaamini ni kitu kimoja. Ukiifunga inazunguka mara moja au mbili kwa mkono, kisha inagoma. Fundi anaongeza nguvu, inaingia, na kila mtu anafurahi. Ndani imeshatafuna nyuzi.

Kwangu ilikuwa pampu ya maji. Bolti moja ilikosekana, ikafungwa M8 kwa kulazimisha, halafu ilipolegea tundu likapigwa tepu ya M8. Tatizo ni kwamba nyuzi mpya haziwezi kupita juu ya zile za zamani: zinakatana nazo, chuma kinachobaki ni vipande vipande. Ilishika wiki tatu. Tukiwa barabara ya Makuyuni maji yakamwagika yote, na mpaka naona geji ya joto, hedi ilikuwa imeshapinda. Nililipia kusawazisha hedi, gasketi mpya, na kuweka helikoili (koili ya waya inayotengeneza nyuzi mpya ndani ya tundu lililoharibika) kwenye lile tundu. Yote kwa sababu ya bolti moja.

Kujua nyuzi huhitaji kifaa cha gharama. Chukua rula ya shule, upande wa inchi, weka kwenye bolti safi uhesabu nyuzi ndani ya nusu inchi. Kwa bolti ya unene huu, ukipata 12 ni UNF (nyuzi nyembamba za inchi), ukipata 9 ni UNC (nyuzi nene za inchi), ukipata 10 na kitu kidogo ni M8. Ukipata 11 ni BSF, nyuzi za zamani za Kiingereza; Land Rover za Series I ndizo zilizojaa hizo. Njia nyingine ni kuzilaza bolti mbili ubavu kwa ubavu, nyuzi zikamatane, kisha uziinue kwenye mwanga. Mwanga ukipenya katikati, si ndugu hao. Tazama pia kichwani: vijiduara vilivyoshikana kama mnyororo ni alama ya nyuzi za inchi zilizokubaliwa na Waingereza, Wamarekani na Wakanada mwaka 1948, ambazo ndizo hizo UNF na UNC. Namba kama 8.8 maana yake ni milimita.

Stadi ipime ncha zote mbili. Mara nyingi ncha inayoingia kwenye chuma cha kusubu au aluminiamu ni ya nyuzi nene, na ncha ya nati ni ya nyuzi nyembamba. Wengi hupima upande wa nati tu, kisha wanashangaa.

Bolti za silinda hedi nataka uzichukulie kwa uzito wa pekee. Ni za nusu inchi UNF, nyuzi 20 kwa inchi, vichwa vyake spana ya 19 inaingia vizuri kabisa. Bolti ya Toyota ya M12 yenye hatua (umbali wa uzi mmoja hadi mwingine) ya milimita 1.25 ina nyuzi karibu sawa na hizo kwa umbali, lakini ni nyembamba kwa milimita 0.7. Ukiijaribu itaingia mpaka mwisho bila kugoma, utadhani umepata. Imeshika ncha za nyuzi tu. Ukianza kuikaza kwa toki (spana ya kupima mkazo), au injini ikipata moto, inachomoka na nyuzi za bloki. Niliiona moja ya namna hii ndani ya injini yangu mwenyewe na sikulala vizuri siku hiyo. Mkazo wa hedi ya petroli ya lita 2.25 ni pauni-futi 65 (kama Nm 88), na wa bolti za 5/16 UNF zilizo pamoja nazo ni pauni-futi 18 tu (Nm 24). Dizeli ina namba zake, usichanganye.

Za kupata wapi? Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi, kwa sababu nilizunguka maduka ya spea za magari madogo, na kote nikaambiwa hakuna tena bolti za inchi. Zipo. Nenda maduka ya spea za trekta. Massey Ferguson za zamani na injini za Perkins zimejaa UNF na UNC, na mikoa yenye mashamba makubwa haijaacha kuziuza. Wanaohudumia mitambo ya Caterpillar pia wanazo, na zao ni imara: mistari sita kichwani ni gredi (daraja la nguvu) 8, mistari mitatu ni gredi 5. Taja jina kamili dukani: "5/16 UNF, urefu inchi moja na robo, gredi 5". Urefu unapimwa kuanzia chini ya kichwa. Ukisema tu "bolti ya Land Rover" utapewa ya Defender ya Tdi, ile Land Rover ya baadaye ya dizeli, na ile injini ni ya milimita.

Usidharau magari yaliyokufa. Hapa Arusha bado kuna Series zimelala nyuma ya gereji nyingi, na bolti ya asili iliyosafishwa kwa brashi ya waya ni bora kuliko mpya ya feki. Lakini za hedi na za konrodi, nunua mpya. Mimi za hedi niliagiza Uingereza kupitia jamaa aliyekuwa anarudi likizo. Uzito wake si mkubwa.

Kukereza kwa fundi wa mashine? Kwa mabano ya altaneta, sawa. Kwa chochote kinachobeba mkazo, hapana, kwa sababu chuma laini kinavutika. Na stenlesi inayong'aa isikudanganye: ile ya kawaida yenye alama A2-70 ina nguvu ndogo kuliko bolti ya chuma yenye alama 8.8. Kwenye manifoldi weka nati za brasi, hazigandi na joto.

Zile stadi mbili zilizokatika: lowesha kwa dizeli iliyochanganywa na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, usiku mzima, mara mbili tatu. Kisha chomelea nati juu ya kipande kilichobaki, na ikiwa bado ina joto ijaribu kwanza kuikaza kidogo, ndipo uirudishe. Zangu zilitoka hivyo tatu kati ya nne. Ya nne ilitobolewa katikati kabisa, kwa mashine ya kusimama, si ya mkono.

Wakati unaendelea kufungua, chora umbo la kifuniko cha mbele na la pampu kwenye kadibodi, toboa, chomeka kila bolti mahali pake. Urefu unatofautiana, na ndefu ikiingia kwenye tundu fupi inapasua.

Ukishahesabu nyuzi, weka hapa picha ya vichwa pamoja na urefu. Nina kopo la 5/16 UNF za inchi moja na za inchi moja na robo zilizobaki. Kama uko Arusha au Moshi, njoo uchukue.