Koko alikuwa anatuhesabu kwenye rozari

Koko yetu, yaani nyanya yetu, alikufa mwezi wa sita, hapa Bukavu, Kongo, mtaa wa Kadutu, na kesho yake asubuhi kiongozi wa shirika, ile jumuiya ya sala ya mtaa, akatuma mtu: leteni historia ya marehemu itasomwa kwenye misa. Mie njo niko na mwandiko mzuri kidogo basi wakanipa bic. Nikaandika amezaliwa 1/1/1938, ameolewa, amezaa watoto tisa, amekuwa Mkristo mwaminifu. Nikasoma, nikaona hii karatasi inaweza kuwa ya mama yeyote wa huku kwetu. Na ile 1/1 yenyewe ni ya uongo, wazee wengi wako nayo juu siku ya kuandikisha kadi hakuna aliyejua tarehe ya kweli.

Basi kama uko na mzee wa sala nyumbani, sikia yale nilijifunza nikiwa nimechelewa.

Mwaka usimuulize. Muulize ilikuwa mbele ama nyuma ya kitu gani. Shangazi yetu mkubwa tulikuwa tunabishana miaka yake mpaka mzee moja pale matangani akasema aah, huyu alizaliwa wakati ya Schramme, tulikuwa tumekimbilia Kabare. Mamluki wa Schramme walishika Bukavu kuanzia mwezi wa nane mpaka wa kumi na moja 1967, basi kazi imeisha. Vilevile kwa mambo ya karibu: siku Askofu Munzihirwa wa hapa Bukavu aliuawa, 29/10/1996, kila mzee wa hapa anajua alikuwa fasi gani na alikuwa anapika nini. Ama tetemeko ya 3/2/2008, ilikuwa Jumapili asubuhi.

Halafu usiku wa matanga usibaki tu na wale wanahesabu michango na viti. Kaa na wamama. Mie nilidhani namjua koko: saa kumi na moja anatoka na tochi, viatu ndani ya mfuko, anashuka na sandale kwenye matope, viatu vinavaliwa mlangoni pa kanisa. Hiyo kila mtu aliiona. Lakini mama moja wa Legio Maria, kikundi cha sala cha Wakatoliki, njo alitwambia ile siri ya rozari. Kila Salamu Maria ilikuwa na mtu wake. Watoto, wajukuu, hata jirani mwenye waligombana naye miaka na miaka juu ya mfereji wa maji, na yeye alikuwa na yake. Ukiwa na mtihani wa Serikali ama ugonjwa unapandishwa, unahamia kwenye ile kubwa ya Baba Yetu, ukipona unarudishwa kwenye fasi yako. Mie nilikuwa ya pili kwenye kumi la tatu. Miaka 31 niko duniani na sikujua.

Na tafadhali msimfanye malaika. Koko alikuwa anafungia sukari kwenye sanduku na kofuli, na wake za watoto wake, eh, waliona. Baba mdogo alitaka tufute ile ya sukari ati ni aibu mbele ya padri. Tukaiacha. Iliposomwa, wa kwanza kucheka alikuwa mke wake baba mdogo mwenyewe, akacheka mpaka akaanza kulia, na kanisa nzima ikafuata.

Kingine, na hii inaniuma mpaka leo: sauti. Nilikuwa nimemrekodi akisali usiku kwa Mashi, luga yetu, dakika kama nne hivi, mvua inapiga mabati, anakohoa katikati anaendelea. Simu ikanyakuliwa sokoni. Sikuwa nimetumia mtu yeyote. Ukirekodi, siku ileile tuma kwa watu wawili watatu, mmoja akiwa mbali ndiyo vizuri.

Juu ya vitu vyake sina mengi, vikwembe viligawanywa bila makelele, asante Mungu. Rozari iko kwa shangazi. Uzi ulikatikaga zamani, koko akaunga na nailo ya wavuvi. Jioni ya kumaliza matanga tukakaa kuhesabu, kila mtu anatafuta fasi yake, tukakuta ushanga moja inakosa kwenye kumi la mwisho. Tukahesabu tena. Hakuna anayejua ilikuwa ya nani.