Swali la Lugha: Tuibinafsishe Kompyuta, au Tuipambe?

SWALI: Nafundisha kompyuta kina mama na vijana wa hapa Kisauni, Mombasa, wengi wao ndio kwanza wanashika kipanya. Somo la tatu ni la kubadili sura ya desktopu: picha, rangi, ukubwa wa maandishi. Karatasi ya somo niliiandika kwa maneno niliyoyaona kwenye kompyuta na simu, nikatia kichwa "Kubinafsisha Eneokazi". Mama mmoja, mstaafu wa bandarini, akainua mkono: "Mwanangu, na hii kompyuta nayo mwambinafsishia nani?" Darasa zima likaangua kicheko. Je, nimekosea? Tena, mandhari ni nzuri au ni mazuri? Na sisi huku twasema kutia picha, niandike kuweka? La mwisho: kipanya kimekufa au amekufa?

JIBU: Mwalimu, sarufi hukuikosea. Neno ulilolichukua lilikuwa limeshaposwa.

"Binafsi" limetokana na nafsi. Ukilivisha -sha, kitenzi kinaweza kubeba mambo mawili: kukifanya kitu kiwe mali ya mtu binafsi, au kukifanya kilingane na nafsi ya mtu. Sarufi inaruhusu yote mawili. Wanaochagua ni watu, nao walichagua zamani. Tangu mashirika ya umma yaanze kuuzwa miaka ya 1990, Tanzania na Kenya, redio na magazeti yamelirudia neno hili kwa maana ile ya kwanza, na Kenya ilitunga hata sheria ya ubinafsishaji mwaka 2005. Mtu wa Mombasa akisikia "kubinafsisha", fikira zake haziendi kwenye skrini. Zinakwenda bandari ya Kilindini, kwenye magati na makreni na ajira za watu. Mama yule hakuwa akifanya mzaha mtupu. Alilisikia neno kama mji unavyolisema. Ningekuwa darasani ningecheka naye, kisha ningelifuta ubaoni.

Kwenye simu utakuta badala yake "geuza kukufaa". Maana inafika, ila inafika ikichechemea. Mswahili akitoa amri na kusudi lake, kitenzi cha pili hukimalizia kwa -e: njoo unione, kata nguo initoshe, geuza ikufae. "Geuza kukufaa" ni sawa na kumwambia fundi cherehani wa Mji wa Kale "kata nguo kunitosha". Atakukatia, lakini atajua hukukulia mtaa ule. Siku hizi kuna pia "weka mapendeleo". Hilo ni safi zaidi, ila kwa mtu mzima anayeanza, mapendeleo yamekaa ubavuni mwa upendeleo, na upendeleo ni habari ya nani kapewa kazi na nani kanyimwa.

Sasa jiulize hao wanafunzi wako hufanya nini Idi ikikaribia. Nyumba hupakwa rangi, mapazia hubadilishwa, viti huhamishwa, kabati husogezwa dirishani. Sijasikia aliyesema ameibinafsisha sebule. Ameipamba, na ameipanga. Vitenzi viwili hivyo vinalibeba somo lako lote. Picha na rangi ni za kupambia. Aikoni, vile vipicha vidogo vya kubofya, zikizagaa hupangwa, mafaili hupangwa, na "mipangilio", neno ambalo kompyuta yenyewe hulitumia, limezaliwa na panga kupitia pangilia. Mwanafunzi aliyeelewa kupanga anaingia kwenye mipangilio bila kubisha hodi. Yaliyobaki hayahitaji neno la kitaalamu: maandishi yakuzwe, mwangaza upunguzwe. Sijui kwa nini sisi waandishi wa mambo ya kompyuta huogopa kusema kitu kwa jina lake la nyumbani.

Eneokazi liache palepale, ni neno zuri. Wazungu, katika "desktop" yao, walichukua juu ya meza ya kuandikia: Xerox ilipotoa kompyuta yake ya Star mwaka 1981, skrini ilichorwa kama meza ya karani, na mafaili na makabrasha juu yake, na Macintosh ya mwaka 1984 ikaieneza picha hiyo kwa watu wa kawaida. Watafsiri wetu waliiacha meza, wakachukua kazi. Kwa hiyo Kiswahili hakichanganyi vitu viwili ambavyo Kiingereza huviita jina moja: kompyuta ya mezani ni mashine, eneokazi ni uwanja unaouona ukishaiwasha. Hata kipakatalishi, ambacho hupakatwa mapajani kama mtoto, kina eneokazi. Na kwa kuwa eneo ni la LI-YA, utasema eneokazi langu limejaa.

Mandhari ina mambo. Kwanza maana. Mandhari ni yale ambayo jicho huyaona mahali yakaenea: bahari ukiitazama kutoka ngome ya Fort Jesus, au kile kilima cha kijani chini ya mbingu ya samawati kilichokuja na Windows XP mwaka 2001. Picha ile alipiga Charles O'Rear huko California mwaka 1996, na ni mandhari bila ubishi. Lakini mama wa Kisauni hataki kilima. Anataka picha ya mjukuu wake. Mjukuu si mandhari, hata awe mzuri namna gani. Programu nyingi hulitumia neno hili kwa picha ya nyuma, na tena kwa mkusanyiko mzima wa sura: rangi za madirisha, picha, pengine na sauti. Neno moja kwa vitu viwili humpoteza anayeanza. Mimi ningegawa hivi: ile picha iite "picha ya eneokazi", na mandhari uiachie kazi ya kuutaja mkusanyiko mzima. "Mandharinyuma" nimeliona pia, na sina hamu nalo.

Pili ngeli. Mandhari linatokana na Kiarabu, na m yake haina uhusiano wowote na ma- ya mawe au maua. Ni ndugu wa nadhari na nadharia; mzizi wao mmoja, ule wa kutazama. Kwa hoja hiyo mimi huliweka I-ZI: mandhari nzuri, mandhari nyeusi. Simu zitakuandikia "mandhari meusi", na walimu wengi wa Kenya watakuambia mazuri, kwa sababu sikio likisikia ma- hukimbilia mazingira na maradhi. Nisikupigie kelele kwa hilo, vita vyake ni vya zamani kuliko kompyuta. Kwenye karatasi ya darasani kuna mlango wa nyuma: "mandhari ya kupendeza". Kiunganishi "ya" hukaa vyema pande zote mbili, na hakuna atakayejua uliegemea wapi.

Hukuniuliza kuhusu ule ukanda wa chini ya skrini wenye kitufe cha kuanzia na saa, uliotufikia na Windows 95, lakini siwezi kuupita. Wako wanaouita upau. Wako walioutungia "mwambaakazi", nami niko upande wao, hasa kwa wanafunzi wa pwani. Kuambaa ni kwenda ukifuata ukingo wa kitu bila kukiingia, kama dau linavyoambaa pwani, na ndiko ulikotoka mwambao wenyewe. Ukanda ule unaambaa ukingo wa skrini. Mweleze hivyo mwana wa mvuvi, kisha uone kama atalisahau.

Kutia na kuweka. Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mkutano uliokichagua ulifanyika Mombasa, mwaka 1928. Tangu hapo watu wa Mvita, yaani Mombasa, huomba radhi kwa lahaja yao hata pasipo kosa. Kutia ni sanifu kabisa. Twatia chumvi, twatia saini, twatia nanga. Andika "tia picha", usiogope mtu.

Na kubofya, kwa kuwa lazima utalitumia: waulize wamelitoa wapi. Ni kulibonyeza tunda kwa kidole kujua kama limeiva. Aliyenunua embe Marikiti amekwisha kubofya mara elfu, na anajua kwamba ukilikandamiza sana muuzaji atang'aka. Kitufe cha kipanya nacho ni vivyo hivyo, kidole chepesi.

Somo lako basi ningeliandika namna hii:

"Kupamba na Kupanga Eneokazi. Peleka kishale mahali patupu, pasipo na aikoni. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya. Orodha ikifunguka, chagua mstari wa kubadili sura. Utaona picha zilizokuja na kompyuta; ukitaka yako, itafute ulikoihifadhi, kisha uibofye. Uso ukionekana umepanuka kama uliotazamwa kwenye kijiko, picha imenyooshwa. Badili, uchague ijaze skrini bila kuvutwa. Kumbuka picha ikijaza, kingo zake huweza kukatwa, kwa hiyo chagua picha ambayo mtu hakubanwa pembeni. Halafu zikusanye aikoni upande mmoja, zisimfunike mjukuu."

Huo mstari wa kubadili sura, kwenye kompyuta zao utasomeka vingine, pengine hata kwa hilo hilo neno la kubinafsisha. Waonyeshe wautambue kwa mahali ulipo, huko chini ya orodha, na uwaambie kwamba hapo hakuna kinachouzwa.

Kipanya sasa. Panya akiwa mdogo tukamwita kipanya, umbo la neno ni la KI-VI lakini uhai humvuta kwenye A-WA: kipanya amekimbia, kipanya amenaswa. Kile cha mezani hakina roho, kwa hiyo hubaki na ngeli yake: kipanya kimekatika waya, vipanya vimeletwa vitatu. "Kimekufa" ni sawa pia, kama tusemavyo betri imekufa. Kipanya kilichokufa kipelekee fundi; kipanya aliyekufa usimwache chini ya kabati mpaka kesho.