Andaa jaruba kwanza, kitalu baadaye

Msimu wangu wa kwanza kulima mpunga peke yangu, huku bonde la Kilombero, nilimwaga mbegu kitaluni mara tu mvua ilipokolea. Majirani walikuwa wametangulia, nami nikaingiwa na pupa. Trekta niliyoahidiwa ikachelewa, na ilipofika miche ilikuwa na wiki 6, imeshaanza kutoa vifundo. Niliipandikiza hivyo hivyo. Haikuchipua: kila shina lilibaki na mabua mawili matatu, masuke mafupi. Ekari nzima nikapata magunia 5. Niliumia sana, maana mvua mwaka ule ilikuwa nzuri.

Tangu hapo siangalii mawingu, naangalia jaruba, yaani kipande cha shamba kilichozungushiwa kingo za kushika maji. Kingo zikishafungwa na ardhi ikishalimwa mara ya kwanza, ndipo naloweka mbegu, ili miche ifikishe siku 15 hadi 21 shamba likiwa tayari.

Mbegu nazichagua kwa maji ya chumvi. Koroga chumvi kwenye ndoo mpaka yai bichi lielee, kisha mimina mbegu. Yanayoelea ni mapepe, yaani mbegu tupu, yaondoe. Zilizozama zisuuze vizuri, ziloweke siku moja, kisha zifunike kwenye gunia bichi hadi vichipukizi vyeupe vichungulie.

Kazi ambayo wengi huiruka ni kusawazisha. Ukishachavanga, yaani kuvuruga udongo na maji uwe tope, ingiza maji kidogo, ukasimame ukingoni alfajiri kabla ya upepo. Maji hayadanganyi. Palipotokeza kisiwa, magugu yatakusumbua hadi mavuno. Penye shimo, miche itazama. Vuta tope kutoka juu ujazie chini, hata kama itakuchukua siku mbili.

Kwenye kupandikiza nilifundishwa na mama mmoja aliyekuja kunisaidia. Alinitazama nikididimiza miche, akasema, "Mwanangu, mpunga hauzikwi." Akang'oa mmoja wa kwangu, akanionyesha mizizi imekunjika kuelekea juu kama ndoano. Wake ulikuwa umeingia pingili moja tu ya kidole, mizizi imelala vizuri. Ng'oa miche asubuhi ukiishika karibu na udongo, uipande siku hiyo hiyo, miwili au mitatu kwa shina.

Na mvua ikikatika miche ikazeeka kitaluni, usiilazimishe. Mwaga kitalu kingine. Mimi kila mwaka nabakiza debe moja la mbegu kwa ajili hiyo.