Mshahara Mmoja na Maharage Yanayotobolewa

SWALI: Tuko sita nyumbani, mshahara ni wa mume wangu tu. Nikinunua dagaa na maharage kwa mafungu, fedha inakata mapema. Nikinunua kwa jumla, maharage yanatobolewa. Nifanyeje? — Mama wa Mwanga, Kigoma

JIBU: Dada, endelea kununua kwa jumla, adui yako ni unyevu na hewa. Mayai ya wadudu wanaoyatoboa mara nyingi huja na maharage kutoka shambani. Yaanike juani siku mbili, kisha ng'ata moja. Likipasuka kwa mlio, limekauka. Likibonyea, lirudi juani. Yakishapoa, jaza madumu makavu ya lita 5 hadi shingoni, ufunge kwa nguvu. Wadudu hufa kwa kukosa hewa, ndiyo maana dumu lililojaa nusu halisaidii. Kila dumu hubeba kama kilo 4: kwa nusu kilo kila mlo, hiyo ni milo minane. Fungua moja moja.

Dagaa nunua kwenye mwalo wa Kibirizi siku za giza, zisizo na mbalamwezi. Wavuvi huwavuta kwa taa, na mbalamwezi huzishinda taa hizo, hivyo dagaa huadimika na bei hupanda. Omba wachekechwe kabla ya kupimwa, usilipie mchanga. Dagaa mkavu huvunjika. Anayekunjika ataota ukungu.